Ukuta Mbichi wa Noeli

Asifiwe Mungu, aliyekubali kuzaliwa mahali ambapo hakuna mtu aliyepamba wala kufagia kwa ajili yake. Ametupa uhai, ametupa mvua hata pale tuliponong'ona kwamba sasa inatosha, na mimi mja wake amenibakishia miguu ya kunifikisha kanisani bila kubebwa. Nikiisha kumshukuru kwa hayo, naomba nisimulie habari ya ukuta wangu, maana nao ulinifundisha kitu.

Nyumba yangu iko Ntobeye. Ni ya matofali mabichi na bati, na tangu nilipoolewa naipamba mwenyewe kila Majilio. Siku hizi mjini Ngara zinauzwa karatasi za kumetameta za kila rangi, na mwanangu mmoja aliwahi kuniletea taa ndogondogo zinazowaka na kuzimika. Nilizitundika juu ya pango la Noeli. Siku ya pili zikazimika, na hadi leo hazijakumbuka upande wa pili wa kazi yao. Kwa hiyo nimebaki na mapambo yangu ya zamani: nyota za mafunjo, majani mabichi ya kutandaza sakafuni, na pango la udongo ambalo wajukuu hunifinyangia wanyama wake. Ng'ombe wetu wa Betlehemu wana pembe ndefu kama wale wanaopita barabarani kwenda mnadani. Ngamia hakuna aliyewahi kumwona, kwa hiyo kila mwaka tunapata mbuzi mwenye jipu mgongoni, nasi tunamweka nyuma ya Mamajusi asionekane sana.

Lakini pambo kubwa ni ukuta wa sebule. Chini hadi magotini napaka samadi ya ng'ombe na majivu, juu yake napaka udongo mweupe ninaoufuata bondeni, upande wa Kirushya. Ukikauka vizuri, chumba kinang'aa hata dirisha likifungwa.

Sasa nieleze jambo moja ambalo kwetu kila mtu analijua. Mgeni hapaki ukuta. Mgeni hukaribishwa, hulishwa, hupewa kiti, lakini mkono unaoingia kwenye bakuli la udongo ni wa mwenye nyumba. Mtu akitaka kujua kama binti aliyeolewa amepokelewa, hamuulizi, kwa sababu binti mwenye adabu atajibu kwamba amepokelewa. Anatazama tu ni nani anayepaka.

Mwaka ninaousimulia, mwanangu wa mwisho alikuwa ameoa baada ya Pasaka. Binti alitoka Bisibo, wilaya ya Biharamulo. Baba yake ni mkulima, mtu mrefu, si wa maneno mengi, na hakupenda binti yake aende mbali. Siku ya harusi alisimama mbele ya watu akasema, "Noeli nitakuja mwenyewe. Nikimkuta mwanangu ni mwenyeji, nitakula na kushukuru. Nikimkuta bado ni mgeni, nitarudi naye akapumzike kwetu mpaka mtakapokuwa tayari." Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Mkamwana wangu alikuwa mchapakazi. Alipika, alichota maji, alikwenda shambani kupalilia maharage. Ila kila alipofika mlango wa sebuleni na kuuliza, "Mama, na humu nifanye nini?" nilimjibu, "Pumzika, mwanangu."

Nilidhani huo ni upendo. Sasa nimezeeka vya kutosha kukiri kwamba nusu ulikuwa upendo, na nusu nyingine ulikuwa ukuta wangu.

Basi yeye akapumzika kwa namna yake. Baba yake alimtumia madonge ya uzi mweupe kwa basi la Biharamulo, naye kila jioni alikaa kibarazani na sindano yake akifuma vitambaa vya viti na vya meza, vyenye maua ya duara na pindo za mawimbi. Jumapili ya tatu ya Majilio akaniletea vyote, vimekunjwa vizuri, akapiga magoti.

"Mama, hii ni zawadi yako ya Noeli. Nimeileta mapema ili uipambie."

Vilikuwa vizuri mno. Nilimbariki, nikavipeleka moja kwa moja kwenye sanduku langu la bati, nikavifunika kwa kanga, nikafunga kwa kufuli. Kitu kizuri namna ile utakitandika watu wakikalie? Wasomaji wangu wa rika langu watanielewa. Sisi ndio watu tulio na vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai.

Jirani yangu, ambaye tuliolewa mwaka mmoja na hajawahi kunificha neno, aliniona nikifunga.

"Wewe, unamfungia bibi harusi kazi yake gerezani?"

"Namtunzia."

"Mtunzie na pumzi basi, asije akaimaliza kwa kuvuta hewa ya nyumba yako."

Nilicheka, nikaendelea na shughuli zangu. Nilikuwa na zawadi ya kutengeneza, kikapu cha ukweni, kile chenye mfuniko uliochongoka juu. Kwenda ukweni au kupokea mkwe bila kikapu cha namna hiyo ni sawa na kusalimia ukiwa umegeuka. Nilikisuka kwa nyasi na nyuzi za migomba, nikakifumua mara mbili kwa sababu mfuniko ulikaa upande kama kofia ya mlevi. Kikapu kilipokamilika, mvua ilikuwa inanyesha kila siku na zilibaki siku mbili tu kufika Noeli. Ukuta ulikuwa haujaguswa.

Nikafunga kiuno, nikaanza kupaka. Mkamwana wangu alisimama mlangoni.

"Mama, samahani. Kwetu mvua zikiwepo tunachanganya udongo na mchanga kidogo wa mtoni, ndipo unakauka upesi."

"Kwenu ni kwenu, mwanangu. Ukuta huu unanijua."

"Basi niwashe jiko la mkaa hapo katikati?"

"Utauchafua kwa moshi. Pumzika."

Aliondoka, akarudi kibarazani. Mkesha wa Noeli niliugusa kwa kidole, kidole kikatoka cheupe. Nikajiambia kwamba Mungu ni mwema, kesho kutakuwa na jua. Mungu ni mwema kweli, lakini jua halikuja.

Tulirudi kutoka Misa ya asubuhi tukiwa tumelowa. Hatujamaliza kujifuta, tukasikia pikipiki ya kukodi ikipanda kilima, na hodi mlangoni. Mkwe alikuwa amefika peke yake. Mama wa binti alibaki na mifugo. Mkwe alikuwa amevaa koti jeusi, lile lile la harusi, alilokuja nalo ndani ya mfuko wa nailoni ili tope lisilipate, akalivaa uani kwangu. Mwanangu na watoto walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Mimi na yeye tulisalimiana kwa heshima ya wakwe, kila mmoja amesimama mbali, maana kwetu wakwe hawagusani hata mikono.

Akaingia sebuleni. Hakuketi. Alizungusha macho taratibu. Alitazama viti, bila kitambaa hata kimoja. Alitazama meza, tupu. Nilijua anatafuta nini. Anatafuta uzi alioununua mwenyewe akautuma kwa basi, na hauoni popote. Ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwangu, na nilihisi unanichoma.

"Binti yangu," akasema, "siku hizi sindano umeiacha?"

"Hapana, baba."

"Hm."

Ile "hm" ilitosha. Mwanangu alitazama miguu yake. Mimi nikamkaribisha mkwe benchi, lile refu lililo kando ya ukuta. Midomo yangu ilikuwa inataka kumwonya, lakini kichwa changu kilikuwa bado ndani ya sanduku. Akaketi. Akashusha pumzi ya safari. Akaegemea.

Ulisikika mlio mdogo, kama ule wa ndizi iliyoiva sana ikikanyagwa.

Aliposogea mbele, koti lote la nyuma lilikuwa jeupe, kuanzia mabegani hadi kiunoni, na ukutani lilibaki umbo la mgongo wa mtu, limechorwa vizuri kuliko ngamia wetu. Mjukuu mmoja alipiga kelele, "Babu amekuwa malaika!" Mama yake, binti yangu aliyekuja kwa Noeli, akamtoa nje kwa sikio.

Hakuna aliyesogea. Mimi sikuweza kumgusa mkwe. Mwanangu naye hakuthubutu kumpapasa baba wa mke wake mgongoni. Ni mtu mmoja tu nyumbani mle aliyekuwa na ruhusa, naye alikwenda akachukua tambara, akasimama nyuma ya baba yake, akaanza kupangusa.

"Nani amepaka ukuta huu?" mzee akauliza bila kugeuka.

Nilifungua kinywa. Kabla sijasema, nikasikia sauti ya binti.

"Ni mimi, baba. Nimekosea, sikuweka mchanga."

Uso wa mzee ulibadilika. Sijui nieleze vipi. Kama mtu aliyebeba mzigo safari nzima, halafu akaambiwa autue. "Wewe?" akasema. "Wewe ndiye unayepaka humu?"

Ningeweza kunyamaza. Mambo yote yangetengenea pale pale, na koti lingefuliwa. Lakini nilikuwa nimefundishwa amri za Mungu nikiwa mtoto, nami nimewafundisha watoto wa watu, na ile ya nane, usiseme uongo, haina sehemu inayosema isipokuwa kama mkwe amefika. Zaidi ya hapo, niliona kwamba binti huyu amechukua kosa langu akalivaa kama lake, wakati mimi nilikuwa sijamruhusu kuvaa hata sifa yake mwenyewe.

"Mkwe," nikasema, "mwanao amenisitiri. Ukuta nimepaka mimi. Mchanga alinishauri, nikakataa. Vitambaa amefuma, vizuri kuliko nilivyowahi kuona, nami nimevifungia sandukuni. Sikumnyima kwa chuki. Nimemnyima kwa kumwambia apumzike."

Mvua juu ya bati. Mzee akatazama chini, na nilijua anakumbuka neno lake la siku ya harusi, maana hata mimi nilikuwa nalikumbuka.

"Sasa, mama," akaniambia polepole, "mimi nimfanyeje huyu? Ni mwenyeji, au ni mgeni?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaleta bakuli la udongo uliobaki na konzi ya mchanga niliyoichota pale maji ya mvua yanapopita. Nikaviweka mbele ya mkamwana wangu, na ufunguo wa sanduku nikauweka juu ya ukingo wa bakuli.

"Mwanangu, mzee ameharibu ukuta wako. Utautengeneza, au tumwachie hivyo?"

Alinitazama kuona kama ni mzaha. Kisha akakunja mikono ya gauni lake la Noeli, jipya kabisa, akachanganya, akaanza kuziba mgongo wa baba yake. Alipofika kwenye ukingo, hakusawazisha kama ninavyosawazisha mimi. Alichovya vidole kwenye udongo mwekundu wa uani, akazungusha mstari wa meno-meno kulizunguka lile umbo, kama wanavyofanya kwao. Mkono wangu ulitaka kumzuia. Niliukalia.

Mwanangu alichukua ufunguo, akavitoa vitambaa sandukuni, akavitandika kwa upande wa nyuma, nikavigeuza. Jirani yangu, aliyekuja kusalimia wageni, alivitazama, akanitazama, akasema tu, "Wafungwa wameachiwa kwa msamaha wa Noeli!" Mkwe akacheka hadi akakohoa. Ndipo akaomba maji ya kunawa, na alipokula, alikula kweli: ndizi, maharage, nyama ya kuku, na akaomba kuongezewa mchuzi. Kabla ya kuinuka alisali sala fupi ya kushukuru, kwa sauti.

Jioni, mvua ilipokatika, alichukua kikapu changu, nilichokuwa nimekijaza maharage, akasifu mfuniko wake. Binti alitaka kumfuta tena koti, maana mabegani weupe ulikuwa umebaki.

"Acha hapo," akamwambia. "Mama yako bila hiyo hataamini kwamba una ukuta."

Akapanda pikipiki nyuma ya dereva aliyerudi kumchukua, akashuka kilima bila binti yake, na mabega yake meupe, kikapu amekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na sisi tukasimama uani tukipunga mikono mpaka alipopinda kona.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu aliyelala kwenye hori akujalie nyumba yenye mikono mingi na moyo wa kuiachia ifanye kazi. Kilicho kizuri ulichopewa, akupe ujasiri wa kukitandika. Na mlango wako usikose mtu wa kubisha, wala chakula cha kumpa. Amina.