Njia Niliyoinadi Mwenyewe

Yule mzee wa njia ya baisikeli niliyewasimulia katika safu hii mwaka juzi amekufa. Aligongwa na lori la mawe ya shaba, asubuhi kweupe, juu ya njia ile ile aliyoitengeneza kwa mikono yake. Tulimzika Alhamisi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta maneno ya upole ya kumuaga, kama ilivyo desturi yetu sisi wenye kalamu, lakini upole umenikataa. Nina hasira. Nina hasira na waliomuua, nina hasira na karatasi yao ya ajali iliyoandikwa kwamba marehemu “alikuwa katikati ya barabara”, na kabla sijamaliza mtaona kwamba nina hasira na mtu mwingine pia, ambaye ninyi wasomaji wangu mnamfahamu kuliko hao wote.

Kwa msiomkumbuka: alizaliwa Kapata, katika zile nyumba za safu za wafanyakazi wa mgodi, mtoto wa baba aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika kikosi cha kutunza barabara za ndani ya mgodi, mpaka kazi ilipokatika. Wenzake wengi walikwenda Kasulo kuchimba kobalti ndani ya nyumba, chini ya vitanda vyao. Yeye alinunua kinga, ndivyo tunavyoita baisikeli huku kwetu, akaanza kuleta makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka vijiji vya upande wa Mutshatsha. Barabara kubwa ilikuwa ya malori, na mwenye kinga akisikia honi huko hujitupa mtaroni yeye na magunia yake. Rafiki zake wawili walichelewa kujitupa, wakazikwa. Ndipo akaiangalia upya njia ya miguu inayofuata reli. Treni haipendi kilima, aliniambia, kwa hiyo ilipopita reli hata mwenye magunia matatu anapita bila kushuka kusukuma.

Njia yenyewe ilikuwa tope masika na mchanga kiangazi, lakini mzee alikuwa na elimu ambayo mgodi ulimfundisha kisha ukaitupa pamoja naye. Alijua kwamba adui wa barabara ni maji yanayolala. Aliinua mgongo wa njia katikati, akachimba vijifereji pembeni, akatafuta changarawe nyekundu inayoshikana ikikanyagwa. Kisha akaweka sheria, na waendesha kinga wote wakaishika bila polisi wala faini: kila mmoja afunge kopo la maziwa kwenye usukani, alijaze changarawe, na pale gurudumu lake lilipozama jana, leo amwage. Kwenye kila mwanzo wa njia alisimika vipande viwili vya reli kuukuu. Nafasi kati yake aliipima kwa kinga iliyobeba mzigo. Mama mwenye beseni la samaki alipita, mwenye makala alipita, hata pikipiki ikibembelezwa ilipita. Gari halikupita.

Nilipokwenda kumtembelea mara ya kwanza, nilifika na teksi nikidhani nitaoneshwa njia kupitia dirishani. Dereva alisimama mbele ya vile vyuma viwili, akacheka, akaniacha hapo. Mzee alinitazama viatu, akanipa kopo kabla hata ya mkono. “Anza na hii, tata,” alisema, akiniita baba kwa heshima ya huku kwetu. “Jambo tutapeana nyuma yake.” Nikamwaga kopo langu la kwanza, nikapewa kinga ya kuazima, nikaendesha mpaka miguu ikaniuma, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi katika mji huu nilisikia ndege badala ya injini. Nilirudi nyumbani nimejaa maneno. Wakati wa kuagana nilimwambia nitaiandika njia yake. Alifuta usukani kwa kiganja, kisha akanijibu taratibu. “Usiandike ile njia mu journal, tata. Bakubwa bakisikia iko muzuri, batakuya kuitengeneza.”

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Nikaandika, tena niliandika kwa madaha: nikaisifu changarawe yake, nikaisifu mifereji, nikasema njia ile haikukwama hata mvua kubwa zilipofunga barabara rasmi. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hiki hakikujiuza, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyekinadi.

Haukupita muda mrefu wakaja kuitengeneza. Ofisi moja, ambayo haistahili kutajwa hapa, ilituma watu wenye tai. Mmoja wao alikuwa na safu yangu mkononi, imekunjwa vizuri. Walisifu msingi wa njia, wakasema ni imara, wakang’oa vyuma viwili, wakapitisha tingatinga, wakakata utepe. Katika hotuba walimshukuru mzee kwa jina na kumpigia makofi. Wiki ile ile malori ya mawe yaliyochoka kupanga foleni kwenye barabara kubwa yakahamia kwake. Hakuna aliyeuliza wenye kinga wapite wapi. Ndivyo nchi hii inavyotushukuru: maskini akitengeneza kitu kwa ajili ya maskini wenzake, huachiwa maadamu ni kibaya. Kikiwa kizuri, kinaitwa maendeleo, naye anaambiwa asogee pembeni.

Hakusogea. Wenzake walirudi mitaroni au wakaacha kazi, lakini yeye aliendelea kubeba kopo lake. Walimwambia mashimo ya sasa si ya magurudumu yetu, ni ya malori, mwenye lori na ajaze. Akawajibu kwamba maji hayaulizi shimo ni la nani. Asubuhi ile alikuwa ameegemeza kinga kwenye mti, ameinama anamwaga changarawe. Ni kiangazi, mnajua vumbi letu. Lori la kwanza lilimpita likamfunika kwa vumbi, na dereva wa la pili hakumwona. Simlaumu sana dereva huyo. Naye amefukuzwa kazi, ili karatasi ipate mtu wa kumwadhibu.

Kwenye kilio nilikaa nyuma, karibu na mlango, nikiomba nisitambuliwe. Mjane alinitambua. Alinifuata akiwa na Biblia ya mumewe, akaketi kwenye kiti kando yangu. Nilianza kumwomba msamaha, akanikatiza kwa mkono. “Alikukasirikia sana, tata,” alisema. “Lakini alikata ile karatasi, akaiweka humu. Alisema mu maisha yake yote, ni weye tu njo uliandika kazi yake.” Akaifungua Biblia, na safu yangu ilikuwamo, imegeuka rangi. Niliona aibu kuliko kama angenitukana. Kisha akaniambia alichonifuatia: “Sasa andika tena. Andika hakukuwa katikati ya route. Andika ile route njo ilimufuata.”

Basi nimeandika, mama. Hakuwa katikati ya barabara. Barabara ndiyo iliyomfuata, ikamkuta kazini, ikamuua. Na mimi ndiye niliyeionesha mlango. Tumezoea kusema kwamba kalamu huwatetea wanyonge, na wengine tumekula chakula kizuri kwa kusema hivyo. Nimejifunza kwamba sifa nazo zina masikio yasiyo yetu, na kwamba mtu akikwambia usiandike, huenda anajua jambo kuhusu nchi yake ambalo wewe umesoma mno hata ukalisahau.

Jumapili iliyopita wenye kinga walinichukua kunionesha kitu. Wameanza njia nyingine. Ina mgongo katikati na vijifereji pembeni, na mwanzoni mwake vimesimama vyuma viwili, nafasi yake imepimwa kwa kinga iliyobeba mzigo. Nilipewa kopo la mzee mwenyewe, lililobonyea ubavuni, nikamwaga changarawe, nikakanyaga kwa viatu vyangu vya ofisini. Najua mtaniuliza iko upande gani, inaanzia wapi, inafika wapi. Najua pia ni nani mwingine anayesoma safu hii, na kwamba anayo tayari mikononi, imekunjwa vizuri.

Sisemi.