Mtu Asiyeomba Moto

Mimi sikuwahi kuwa mpole, na kazi ile haikutaka mpole. Miaka ya sabini nilikuwa muuguzi Kasulu, na nyuma ya zahanati yetu kulikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma. Humo tuliwalaza wagonjwa wa akili wasio na pa kwenda, waliookotwa stendi, sokoni, kwenye vibaraza vya maduka. Tuliwaogesha, tukawalisha ugali wa muhogo na maharage, tukawapa dawa. Watu wa mjini walipaita Kwa Vichaa. Watoto wangu wakiulizwa mama yao anafanya kazi wapi, walisema zahanati, basi.

Ninayemkumbuka kuliko wote ni bwana mmoja wa makamo aliyekuwa akilala stendi na kugombana na malori. Lori likipiga honi, naye analitukana mpaka sauti inamkauka. Alipoletwa kwetu alikuwa na kidonda mguuni na chawa wa kutosha kijiji kizima. Tulimchoma sindano miezi kadhaa, akatulia. Mikono ilimtetemeka kwa sababu ya dawa, lakini alijua jina lake na la baba yake, na asubuhi moja akaniuliza, "Dada, narudi lini nyumbani?"

Nyumbani kwenyewe kulikuwa kumeota majani. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, na hakuna aliyejua ndugu zake wameangukia upande gani. Nilizunguka kwa baiskeli nikiuliza hadi nikachoka. Mwishowe kijiji kimoja upande wa Kitanga kikakubali kumpa kiwanja, kwa sharti. Mwenyekiti alisema watamtazama mpaka maharage yavunwe. Akionekana hafai, arudi alikotoka. Na kwetu kitanda chake kilikuwa kimeshapata mtu mwingine, kwa hiyo kurudi alikotoka ilikuwa kurudi stendi.

Tulimjengea nyumba ndogo ya udongo, paa la nyasi. Kila mwezi nilimpelekea sindano yake pamoja na kikapu: sabuni, chumvi, dagaa kidogo na kiberiti. Wazo la kiberiti lilikuwa letu sote pale zahanati, na tulijiona tuna akili kweli. Dukani viberiti vilikuwa adimu. Tukasema huyu ni mtu wa haya, ametoka kuugua, tusimfanye asimame kwenye milango ya watu alfajiri na kigae mkononi akiomba kaa la moto. Loo! Waha wazima sisi, tuliokulia kwenye nyumba ambazo moto uliombwa kwa jirani karibu kila asubuhi, ndio tukafanya hivyo.

Maharage yalipoanza kukauka shambani nilimkuta mwenyekiti ananingoja njiani.

"Muuguzi, mtu wako aondoke."

"Kapiga mtu? Kaiba?"

"Hajafanya kitu. Haombi moto."

"Haombi nini?"

"Moto. Nyumba zote hizi ni za nyasi, na kichaa analala na kiberiti. Halafu ni mtu gani huyo anakaa na watu wala haombi moto kwa yeyote? Ana nini humo ndani?"

Nilijua maana ya "ana nini humo ndani". Walikuwa wameshaanza kunong'ona uchawi. Niliwaka! Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma. Alisubiri nimalize, akasema kamati itakaa siku chache zijazo.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama jirani, ambaye mlango wake ulitazamana na wa yule bwana. Alikuwa anapukuchua maharage uani.

"Mama, huyu bwana amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Tangu aje hajasimama mlangoni kwangu hata mara moja. Nitamjuaje?"

"Na wewe umewahi kwenda kwake?"

"Kumwomba nini? Mimi moto ninao."

Hapo ndipo hasira iliponigeukia mimi mwenyewe na wenzangu wa zahanati. Niliingia kwa yule bwana nikakusanya viberiti vyote nikavitia kikapuni. Akanitazama kwa hofu.

"Nimekosa, dada?"

"Hujakosa. Tumekosa sisi. Nenda kaombe moto."

Kisha akauliza, "Wakininyima?"

"Wakikunyima nitakwenda mimi kugombana nao."

"Usigombane, dada," akasema. Akachukua kata ya maji, akaumwagia moto wake mwenyewe. Moshi ukatujaa wote wawili. Akaokota kigae, akatoka.

Nilisimama mlangoni, roho juu. Alivuka uwanja, akasimama mbali kidogo na yule mama, akaweka kigae chini, akainama na kupiga makofi taratibu, kama tunavyowaamkia wakubwa. Makofi yenyewe hayakwenda sawa kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikitetemeka.

"Mama, moto wangu umezimika."

Yule mama alitazama moshi uliokuwa ukitoka mlangoni kwa yule bwana. Akanitazama na mimi. Akainuka, akaingia ndani. Nikasema basi, ndiyo imekwisha hiyo.

Akatoka ameshika kaa jekundu kwenye kigae chake mwenyewe. "Na mikono hiyo utaniunguzia nyumba," akamwambia. "Tangulia." Akaupeleka moto mwenyewe. Aliuweka mafigani, akapuliza, na wakati anapuliza macho yake yalizunguka kila pembe ya nyumba ile, wala hakuona aibu. Alipotoka akaniambia, "Maskini, hana kitu humo. Hata kigoda."

Jioni kijiji kizima kilijua kwamba hana hata kigoda. Kamati ilipokaa, yule mama alisema huyo ni jirani yake, wamwache. Wakamwacha.

Nilipokwenda mwezi uliofuata, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ilikuwa bado haijakatika. Nilifika nimelowa, kikapu hakina kiberiti. Mlangoni kwa yule bwana nilimkuta mama jirani, kigae kiko chini miguuni pake, anapiga makofi. Moto wake ulikuwa umezimika. Kutoka ndani nikasikia, "Karibu mama, ninao." Nililia pale pale kwenye mvua, na sioni haya kusema.

Yule bwana aliponiona alinionyesha kigoda kipya karibu na mlango. "Kaa kwanza, dada," akasema. "Nampa jirani moto." Nikakaa na sindano yangu, nikangoja.