Gari Jeusi la Kaka

Kaka yangu alilileta gari nyumbani Turwa Jumapili moja mchana, tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kanisani. Lilikuwa dogo, jeusi, limetumika lakini linang'aa. Dhahabu ya Nyamongo ilikuwa imempa miaka miwili ya njaa na mwezi mmoja wa bahati, na bahati yote akaigeuza gari. Mama alitaka ajenge. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya, alilipanua banda la ndama, akalisakafia kwa saruji, gari likaingia.

Kaka hakutaka kulipeleka machimboni. Barabara ya huko ingelimaliza. Alirudi kwa bodaboda kwenye duara, shimo alilochimba na wenzake, lakini kabla ya kuondoka alimfundisha Tata kulitunza.

"Tata, usilifute kavu. Vumbi letu lina mchanga. Ukisugua unakwangua rangi, na jeusi halifichi kitu."

"Nilimwagie maji?"

"Vumbi jepesi halihitaji. Injini ikishapoa, chukua kitambaa laini cha pamba, kisafi, chenye unyevu kidogo. Anzia juu, ushuke. Usikandamize, wala usizungushe mkono. Upande ukichafuka, kunja. Huku chini kwenye matope usiguse mpaka siku ya kuliosha."

Tata alisikiliza kama mwanafunzi. Sikuwahi kumwona akifundishwa jambo na mtoto wake.

Duara liliporomoka wakati wa masika. Walimtoa kaka siku ya tatu. Tulimzika nyuma ya nyumba, na Tata hakulia. Alisimama wima akipokea pole, akiuliza kama wageni wa Sirari wamekula. Wanaume walimsifu. Mimi nilimwogopa.

Ikawa kila Jumamosi asubuhi anaingia bandani. Mimi nilimshikia bakuli la maji. Alifuta paa, boneti, kisha milango, taratibu, kama mtu anayemfuta mgonjwa uso. Vitambaa vilipochakaa nilitoa fulana ya kaka niichane. Mama aliniona, akaninyang'anya, akaingia nayo chumbani. Nikachana shuka langu.

Mwaka ulipotimia ndugu walikuja kwa maombi. Mjomba, kaka yake mama kutoka upande wa Kenya, aliamka mapema akatafuta kazi ya kusaidia. Nilimkuta bandani na kipande cha gunia kikavu, anasugua boneti kwa nguvu, mkono unazunguka.

"Mjomba, acha!"

Tata alisikia, akaja. Aliinama akaitazama boneti kwa ubavu. Mwanga wa mlangoni ulionyesha mikwaruzo, mingi, imepishana kama utando wa buibui. Akaigusa kwa kidole kimoja. Kisha akakaa chini pale sakafuni, akalia kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

"Woi, shemeji, nisamehe," mjomba akasema. "Nilitaka tu kukupunguzia kazi. Sikujua."

Tata alilitaja jina la kaka, mara ya kwanza tangu mazishi, akalirudia na kulirudia. Mama alikuja na mikono yenye unga, akaketi kando yake. Mjomba alibaki amesimama, hajui aliweke wapi lile gunia.

Baada ya mavuno Tata na Mama walikubaliana gari liuzwe. Lilichukuliwa na mwalimu mmoja wa Mugumu, mtu mpole, ambaye hakuuliza habari za mikwaruzo.

Jumamosi iliyofuata Tata alizunguka uani bila kushika kazi yoyote, mwisho akaketi kando ya ukuta, kwenye jua. Nilimpelekea uji, nikamwamkia, "Shikamoo, Tata."

"Marahaba." Aliushika uji, hakuunywa. "Unakumbuka kaka yako alivyokuwa anacheka?"

"Nakumbuka."

"Hebu niambie," akasema. "Mimi nimeanza kusahau."