Magari ya Shirika

Mama hakupenda tangu siku ya kwanza. Alisema hakunisomesha mpaka kidato cha nne ili nije kupiga magoti kando ya barabara nikisugua matairi ya wanaume. Lakini nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo, na kusubiri matokeo pale Nkuhungu kulikuwa ni kuchota maji, kufagia uani, na kufagia tena vumbi lilelile likirudi. Baba ndiye aliyenitetea.

"Mwache," alimwambia mama. "Afadhali hilo kuliko kukaa barazani akitazama wapita njia."

Baba alikuwa dereva wa shirika moja la umma lililokuwa likinunua mazao ya wakulima: karanga, alizeti, mbarika. Aliendesha Landrova yenye nembo ya shirika milangoni, na kwa kuwa safari zake nyingi zilianza alfajiri, aliruhusiwa kuilaza uani kwetu. Hiyo ndiyo gari niliyojifunzia. Jumamosi moja niliiosha kwa sabuni ya mche na vitambaa vya mitumba iliyokosa wanunuzi, nikaondoa lami kwa mafuta ya taa, nikapaka bampa polishi nyeusi ya viatu. Jumatatu yake wenzake kazini wakamuuliza imepigwa rangi wapi. Wiki haikuisha kabla hawajaanza kuja na za kwao.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ambayo nilipokuwa mdogo yalikuwa na rafu tupu sasa yalijaa sabuni za kila rangi, na barabarani zilianza kuonekana gari ndogo zilizokwishatumika Japani, vioo vyake bado vina maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Wenye magari hayo walitaka yang'ae. Nami sikuishia nje. Nilitoa viti, nikapiga brashi mazulia, nikapitisha mswaki kwenye kona za dashibodi ambako vumbi la Dodoma huingia na kukaa kama limejengewa. Hilo la ndani watu walikuwa hawajalizoea, nalo ndilo lililoniletea wateja.

Mchana mmoja alikuja afisa usafirishaji wa shirika la baba. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake hata ikiwa safi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye pikapu niliyokuwa nimeimaliza.

"Nasikia unasafisha mpaka ndani."

"Ndiyo, mzee."

"Ya kwetu utayaweza yote?"

"Yote?"

"Yote yaliyoko yadi. Na yale mabovu pia. Yawe kama mapya."

Nikasema nitayaweza. Ningesema nini kingine? Alipoondoka niliruka pale pale kwenye tope.

Jioni nikamweleza baba. Alikuwa akila ugali kwa mlenda, na mkono wake ukasimama juu ya bakuli.

"Amesema yote?"

"Yote, baba. Hata yale mabovu."

"Alikwambia kwa nini?"

"Hapana."

Akanawa, chakula kikiwa nusu. Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi kana kwamba nimeingia na kitu ndani ya nyumba ambacho hakikupaswa kuingia. Hakuna aliyeniambia lolote, na mimi sikuuliza.

Magari yakaanza kuletwa. Mengine yalikuja yenyewe, mengine yalivutwa kwa kamba, na moja lilikuwa halina injini kabisa, chini ya boneti yake kuku alikuwa ametagia. Nilijiuliza gari lisiloweza kwenda popote linaoshewa nini. Lakini niliosha. Kila moja lilikuwa na njia zake tumboni: chini ya viti nilikuta mbegu za mbarika, maganda ya karanga, matonge ya nta ya asali kutoka kwa wakulima wa kule Chemba, wale wanaozungumza lugha yenye sauti za kugonga ulimi ambayo baba alikuwa akijaribu kuiiga kutuchekesha.

Kilichonitia hofu ni madereva. Zamani walikaa kwenye benchi letu wakisubiri, wakitaniana, wakimwita mama shemeji na kumwomba chai. Sasa kila aliyeleta gari alifungua mlango wa nyuma, akatoa vitu vyake mwenyewe, kikombe cha bati, koti la mvua, mkeka wa kulalia safarini, akavifunga kwenye kanga au gunia, akaondoka kwa miguu. Hawakuaga vizuri. Mmoja, aliyekuwa mcheshi kuliko wote, alisimama akiweka kiganja chake juu ya boneti, akakaa hivyo muda, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Baba yako ameshapewa siku yake?" aliniuliza.

"Siku ya nini?"

Akatazama pembeni. "Basi. Endelea na kazi, mwanangu."

Kisha wakaja watu nisiowajua. Walikuja wawili wawili, wamevaa mashati safi, wakagonga bodi kwa vifundo vya vidole, wakainama kuchungulia chini, wakanong'ona. Mmoja alipita akiandika namba kwa chaki kwenye vioo vya mbele. Mwingine akaniuliza kama lile lori la mwisho linakula oili. Siku iliyofuata afisa akaniletea thina ya kulainisha rangi na nyembe. Akaniambia nikwangue nembo milangoni, zisibaki hata alama.

"Zinapakwa mpya?" nikauliza.

Akavua miwani, akaifuta. "Zikwangue tu, binti."

Nilianza kukwangua, na rangi ikawa inadondoka miguuni pangu kama magamba ya samaki. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna shirika linalojifuta jina lenyewe ili liendelee na kazi kesho. Magari yalikuwa yanaandaliwa kwa mnada, na wenye kuyaendesha walikuwa wameshaambiwa kwamba kazi imekwisha, kila mmoja kwa siku yake, isipokuwa wachache. Nilitazama kundi lile la magari yanayong'aa uani kwetu, na kwa mara ya kwanza nikayaona hayapendezi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa Zuzu, nami nikatamani uyajaze vumbi yote, nianze upya, nisimalize kamwe.

Landrova ya baba ilikuja mwisho. Aliiingiza mwenyewe alasiri, akazima, akashuka. Nilikuwa nimeshika ndoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lete hiyo."

"Nitaosha mimi, baba. Umechoka."

"Sijachoka."

Akavua shati la kaki, akalitundika kwenye kioo cha pembeni, akaanza kuosha. Mama alitoka akasimama mlangoni, mikono ameifunga kifuani. Baba aliosha polepole, juu, ubavuni, mpaka ndani ya matao ya matairi. Alipofika kwenye nembo, nilimwona akitafuta wembe kwa macho.

"Baba, hiyo iache," nikasema. "Wataitoa wao."

"Wameagiza itoke."

"Basi nitaitoa mimi."

"Hapana," alisema. "Siku ukikumbuka, nataka ukumbuke kwamba hii hukuitoa wewe."

Akaikwangua. Mama akaingia ndani, na nikasikia masufuria yakigongana bila sababu.

Kesho yake aliipeleka yadi, akarudi kwa miguu. Keshokutwa yake aliamka saa zake za kawaida, akavaa kaki iliyopigwa pasi, akatoka mpaka uani, akasimama. Mama na mimi tulimwangalia dirishani. Hakuwa na pa kwenda, na hakurudi ndani. Mama alianza kusali kwa sauti ya chini.

Pikapu ikasimama nje. Mwenye nayo akatoa kichwa.

"Mzee, hapa ndipo wanaposafisha magari?"

Baba aliitazama ile ndoo yangu. Kisha akasema, "Ndipo. Ingiza taratibu, kuna tope."

Nilimpelekea buti za mpira. Tulifanya kazi, yeye nje, mimi ndani. Yule mtu alipotaka kumlipa, baba alinyoosha kidole kwangu. "Mlipe mwenye kazi."

Matokeo yalipotoka nilichaguliwa kuendelea na kidato cha tano mkoa mwingine, na kazi ikabaki kwake. Kila likizo nilimkuta pale pale, amezeeka kupita miezi niliyokuwa mbali, wateja wakimwita fundi. Baadhi ya wenzake walipata malori ya wafanyabiashara. Yule mcheshi alijifungia ndani kwake Miyuji mpaka wakamzika. Baba naye aliitwa kuendesha, si mara moja, akakataa.

Hata gari la mteja hakulisogeza. Alimwomba mwenye nalo aliingize na alitoe mwenyewe, na usukani aliufuta akiwa amesimama nje, mkono ameupitisha dirishani.