Nilikosea mlango wa Wajapani pale Iringa, ndipo nikaona nilichomkosea mke wangu

Wakuu, kwema humu?

Hili ninaloandika limenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Nimelikalia muda mrefu kwa sababu linanivua nguo. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu ipo Mlandege, Iringa mjini. Mhehe wa Kalenga. Mke wangu ni Mnyakyusa, kwao Mbeya, mtaa wa Soweto. Hapa nimwite Atu. Tuna watoto wawili.

Watu wa huku mnajua. Kwetu mwanamke akimsalimia mkubwa anapiga goti. Akileta maji ya kunawa, goti. Akileta chakula, goti. Atu alifanya yote hayo tangu nimuoe, bila kusukumwa na mtu.

Alipojifungua mtoto wa pili, goti lake la kulia likaanza kuvimba. Aliniambia. Nikamwambia apake dawa ya kuchua, nikaendelea na mambo yangu.

Jumapili moja baba zangu wakubwa wawili wakaja kutoka Kalenga. Atu akaleta maji ya kunawa akiwa amesimama, ameinama kidogo tu. Yule baba mkubwa mwenye maneno akasema, "Siku hizi mjini tunanaweshwa kama tupo hotelini."

Aisee, damu ilinichemka. Si kwa baba mkubwa, kwa mke wangu!

Nikamwambia mbele yao na mbele ya watoto, "Rudi jikoni, uje upya kama ulivyofundishwa."

Akarudi jikoni. Akaja upya. Akapiga goti, halafu kunyanyuka akashindwa, akawa anatafuta ukingo wa meza ashike. Hakuna aliyemsaidia, mimi nikiwemo.

Kesho yake akapanda basi la Mbeya na watoto. Nikajiapiza kwamba simpigii simu mpaka aombe radhi. Miezi mitatu ikapita. Kumbe ujinga nao una uvumilivu wake.

Sasa ndipo ikaja kazi.

Kituo kimoja cha utamaduni hapa mjini kilikuwa kinaandaa siku ya utamaduni wa Japani. Kungekuwa na kuandika kwa brashi, kukunja karatasi, na kunywa chai kwa taratibu zao. Kuna dada wa Kijapani anayejitolea kufundisha huku, tunamwita Mwalimu Haruka, Kiswahili anakiongea vizuri tu. Akaniletea mchoro wa kibanda cha chai, cha mbao, ndani kinatandikwa mikeka.

Nikaangalia size ya mlango. Sentimita sitini na sita kwenda juu.

Nikacheka peke yangu. Huo si mlango wa banda la kuku? Nikasema huyu dada si fundi, amekosea vipimo. Na mafundi mnatujua, hatuulizi. Nikajenga mlango wa kimo cha mtu, fremu ya paini, nimeipiga randa mpaka inateleza. Kwetu mgeni wa heshima haingizwi ndani kwa kuinamishwa.

Siku moja kabla ya event, Haruka akaja kukagua na mzee mmoja kutoka Japani, ndiye mtaalamu wa hiyo chai. Mzee akaupapasa mlango wangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikavimba kichwa. Kisha akasema maneno kwa lugha yao, Haruka akanitafsiria huku anaona aibu.

"Fundi, kazi ni nzuri sana. Lakini anaomba uuzibe."

Roho iliniuma. Nikamuuliza, "Kwa hiyo wageni wenu waingie kwa magoti?"

"Ndiyo. Wote. Zamani hata mkubwa mwenye upanga aliuacha nje, akaingia hivyo hivyo. Mle ndani hakuna mkubwa."

Nikaziba, nikatoboa upya kwa kipimo chao. Nilikuwa nanuna kila msumari.

Siku yenyewe, mzee akaomba fundi naye awe kati ya wageni. Tuliingia watatu. Mgeni rasmi, afisa mmoja mwenye suti, alivua viatu akatambaa. Nyuma yake mama anayefagia pale kituoni. Wa mwisho mimi, kwenye mlango nilioucheka.

Ndani kimya, mzee na Haruka wanatusubiri. Unasikia maji tu yanachemka.

Mzee alikuwa amekalia magoti yake muda wote, mtu wa miaka sabini na kitu. Akakoroga chai yao ya kijani, akampa afisa. Akakoroga nyingine, akamwekea mama mfagiaji bakuli mbele yake, akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka.

Yule mama akashtuka. "Jamani baba, usinifanyie hivyo. Shikamoo."

Mzee Kiswahili hajui. Alibaki ameinama vile vile mpaka mama alipolichukua bakuli kwa mikono miwili.

Alipomaliza kutuhudumia akataka kunyanyuka, miguu ikagoma. Kabla hajasema kitu Haruka ameshamshika mkono huu, afisa na suti yake amemshika huu. Hakuna aliyewaambia.

Wakuu, pale nilimuona Atu anatafuta ukingo wa meza. Chai hata sikuimaliza. Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya kibanda, mtu mzima.

Msinielewe vibaya. Sisemi mila zetu mbaya na za Wajapani ndiyo nzuri. Haruka mwenyewe aliniambia bibi yake alihudumia wanaume maisha yake yote, na alikuwa anakula wa mwisho. Kupiga goti siyo tatizo. Tatizo nilikuwa mimi niliyeketi nikitazama.

Kesho yake asubuhi nikaondoka kwenda Mbeya.

Atu nilimkuta kwa mama yake, Soweto, anatembelea fimbo. Goti lilishatolewa maji mara mbili hospitali. Mimi mume sikuwa na habari. Nikamwomba tuongee chumbani, nikamwomba msamaha, nikamwambia na habari ya ile chai.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusamehe. Ila sirudi. Ulinidhalilisha sebuleni mbele ya watu, unaniomba msamaha chumbani?"

Nikarudi Iringa, nikawaita baba wakubwa wote wawili nyumbani kwangu. Atu nikamwomba aje na mama yake na watoto, asikilize tu, siku hiyo hiyo ageuze akitaka. Akakubali.

Siku ya siku Atu alikaa kwenye kiti. Maji ya kunawa nilileta mimi. Nikampigia goti baba mkubwa mwenye maneno.

Akakunja mikono. "Huko Mbeya wamekulisha nini?" Akachukua kofia yake, akatoka. Mpaka leo hatuongei, na inaniuma, ni mtu aliyenisomesha.

Yule mwingine akanyoosha mikono, akanawa. Nikaenda kwa mama mkwe. Mwisho nikafika kwa mke wangu, nikiwa nimepiga goti vile vile, nikasema kwa sauti wote wasikie.

"Siku ile nilikukosea. Goti lilikuwa linakuuma, na nilikuwa najua."

Atu akaanza kulia. Mwishowe akanawa, akasema, "Hilo la kwamba ulikuwa unajua ndilo nililokuwa nalisubiri."

Jioni akaondoka na mama yake na watoto. Matibabu yanaendelea kule, na mtoto mkubwa ameshaanza shule ya huko. Kama atarudi sijui. Kila baada ya wiki mbili nakwenda, na akitaka kunyanyuka namshika mkono.

Nilichojifunza ni kwamba msamaha unaombwa pale pale ulipomwagia mtu aibu, kwa idadi ile ile ya macho.

Mliooa na mlioolewa, yupo aliyewahi kuomba radhi mbele ya watu wale wale? Ilikuwaje baadaye? Na wa kunitukana karibuni, baba mkubwa alishaanza.