Mkimya wa Kwenye Fomu

Juzi nilikuwa kwenye ofisi ya kambi moja ya watalii karibu na kijiji cha Robanda, nikisubiri barua yangu ya mafunzo. Mbele yangu dada mmoja wa kijijini hapo aliomba kazi ya mapokezi. Msimamizi, mgeni wa mkoa mwingine, alimsomea fomu ya kupima tabia: unapenda kukaa na watu au peke yako? Dada akajibu, "Ndiyo," huku akivuta-vuta ncha ya kitenge chake.

Msimamizi akajumlisha alama. "Fomu inasema wewe ni mkimya, watu wanakuchosha. Mapokezi hayatakufaa, dada yangu."

Nilichemka. Kabla sijafungua mdomo nibishane naye, akaingia bibi mmoja anafoka kwa Kiikoma, lugha ya hapo kijijini, anagonga fimbo sakafuni. Yule "mkimya" akainuka, akamwamkia, akampa kiti chake, akamshika mikono yote miwili. Wakaongea mpaka bibi akacheka na kuomba maji.

"Umemwambia nini?" msimamizi akauliza.

"Tembo wamemaliza mtama wake, anataka tuwafukuze kazi. Nimemwambia tembo hawajaajiriwa hapa. Nitampeleka ofisi ya kijiji."

"Mbona mimi hukuniongelesha hivyo?"

"Kiswahili chako kina haraka, kaka. Nilikuwa bado natafuta maneno."

Msimamizi akaichana fomu taratibu, akamwambia aje Jumatatu kuanza kazi.

Sizikatai fomu hizi, zinaweza kumsaidia mtu ajitazame. Ila kabla hujampachika mwenzako aina ya tabia, muulize kwanza huwa anacheka kwa lugha gani.