Norbert na Baiskeli ya Mkewe

Jumamosi, Agathe akirudi kutoka kwa wazee wake wa asubuhi, alimkuta Norbert ameshaweka ndoo mbili nje ya mlango wao, orofa ya tatu, Thamesmead. Moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu. Aliipokea baiskeli kwanza, ndipo akampokea mkewe mfuko.

"Leo umepita wapi, Mama Armelle?"

"Msituni."

"Basi umeniletea msitu mzima."

Agathe alicheka, akaingia kuvua viatu. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, saba kwa siku: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia chai. Mabasi yalizunguka sana, lakini ukikata kwa njia ya Lesnes, katikati ya miti, ulitoka Abbey Wood hadi Belvedere kwa dakika chache. Ndiyo maana alitumia ile baiskeli ya milimani, ya kijani, yenye tairi pana, ambayo binti yao Armelle aliiacha alipokwenda chuo Leicester. Agathe mwenyewe hakuwahi kupanda kinga, kama walivyoiita kwao Bukavu. Alijifunza akiwa na miaka arobaini na saba, kando ya ziwa la Southmere, Norbert akikimbia nyuma ameshikilia kiti na mabata bukini wakiwazomea wote wawili.

Norbert alikuwa dereva wa basi kwa miaka kumi na moja. Alizipenda barabara za asubuhi, na alipenda abiria waliosema asante wakishuka. Halafu, kwenye upimaji wa kawaida wa macho, daktari akamwambia ana presha ya macho, na kwamba ilikuwa imemla kimyakimya kwa muda mrefu. Leseni ikaenda. Kila aliyemuuliza alimjibu vilevile: "Mbele naona vizuri. Pembeni tu ndiko kuna ukungu kidogo." Alisema hivyo kwa utulivu mkubwa hata watu wakaacha kuuliza.

Akawa mtu wa nyumbani. Alipika, alifua, alikunja nguo. Lakini kuosha baiskeli ndiyo kazi aliyoivalia ovaroli. Aliipindua kichwa chini, akausugua mnyororo kwa mswaki wa zamani, pingili moja baada ya nyingine, mpaka tope lote lidondoke. Alikwangua udongo uliojificha kwenye meno ya gia. Aliukausha mnyororo, akautia mafuta tone moja kila pingili huku akizungusha pedali kinyumenyume, kisha akafuta yaliyozidi, kwa sababu mafuta mengi huita mchanga. Mwisho alichukua kitambaa kingine, kisafi, akafuta ringi za magurudumu na raba za breki.

"Mafuta ni dawa ya mnyororo na sumu ya breki," alimwambia Agathe kila mara, naye Agathe aliitikia kama mtu anayeitikia kanisani.

Jumamosi moja ya Novemba, mchana wenye giza la mawingu, Norbert alimaliza kazi, akanyoosha mgongo, akasema baiskeli iko tayari.

Jumatatu Agathe alikuwa akiteremka Knee Hill kuelekea kituo cha treni. Ule mlima ni mkali, na magari hupita karibu. Akabana breki. Baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba haikuambiwa kitu. Akabana tena, kwa mikono yote miwili, akasikia raba zikiteleza, akaona taa nyekundu za gari la mbele zikimjia. Akakata kushoto, akapiga ukingo wa barabara, akaanguka nusu kwenye lami nusu kwenye vichaka vya miiba.

Mama mmoja aliyekuwa akipita alimwinua, akamfuta majani mgongoni, akamuuliza kama aite gari la wagonjwa. Agathe akakataa. Kiwiko kilikuwa kimechubuka, suruali imechanika gotini, basi. Yule mama alipoondoka, Agathe alipitisha kidole kwenye ringi. Kikatoka cheusi, kinateleza.

Akaelewa pale pale. Vitambaa viwili, kimoja cheupe, kimoja cha buluu hafifu. Na Norbert hakuweza tena kuvitofautisha: alikuwa amefutia ringi kile cha mafuta. Alikaa ukingoni mwa barabara akalia, wala si kwa ajili ya kiwiko.

Alifika kwa mzee wake wa kwanza akisukuma baiskeli, akaomba sabuni ya vyombo, akaziosha ringi na raba bustanini. Nyumbani alisema ameteleza jikoni kwa mteja. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu alfajiri, kabla ya kuteremka, aliiosha tena baiskeli mbele ya lifti kwa sabuni kama ile ya mzee, chapuchapu, kama mwizi. Kwa wiki tatu alifanya hivyo.

Jumamosi ya nne, Norbert alikuwa akipangusa mkono wa breki ya kushoto, vidole vyake vikasimama. Akavirudisha. Ncha ilikuwa imekwaruzika, na ile raba ya kushikia usukani ilikuwa imechanika kwa chini. Akainama, akanusa ringi. Akaguna.

"Mama Armelle, njoo."

Agathe alitoka na unga mikononi.

"Ulianguka wapi?"

"Si nilikuambia, jikoni kwa..."

"Jikoni hakuna lami. Na ringi hizi zinanukia limau. Mimi sina sabuni ya limau."

Agathe akaketi kwenye kizingiti. Akamweleza yote: mlima, breki, vichaka, yule mama aliyemwinua. Norbert alisikiliza akiwa ameshika gurudumu kana kwamba lingekimbia.

"Ningekuua," alisema.

"Hukuniua. Niko hapa, nina unga mpaka puani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha. Na ukiacha hii, Papa Armelle, utakaa kwenye lile kochi, na mimi sitaweza kukuinua."

Jirani alipita na mifuko yake, akawasalimu, wakamwitikia.

"Na mimi nimekuficha," Norbert alisema hatimaye. "Lete mkono."

Aliushika mkono wa mkewe, akauweka mbele ya uso wake. "Usogeze upande wa kulia. Polepole."

Agathe akausogeza. Alitarajia ufike karibu na sikio. Haukupita hata shavu.

"Hapo. Umekwenda, siuoni tena," alisema Norbert. "Kushoto ni karibu zaidi. Hata masomo ninayosoma kanisani, sisomi. Nayasikiliza kwenye simu wiki nzima, nayakariri, halafu nasimama pale na kugeuza kurasa."

Agathe aliuacha mkono wake palepale, mahali asipouona, kisha akamwekea shavuni. Unga ukamshika ndevuni. Maji ya sabuni kwenye ndoo yalipoa.

Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili kliniki ya macho, na safari hii Norbert alijibu kila swali kwa ukweli. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Alibadilishiwa dawa ya matone. Agathe ndiye anayemtia, asubuhi na jioni, na kila mara Norbert hulalamika kwamba mkono wake ni mzito kama wa muuguzi wa jeshi.

Kuhusu baiskeli, Norbert alitaka kuacha. Agathe hakumbembeleza. Alikata taulo kuukuu, akakata na kipande cha kitenge, akamwekea mapajani. "Taulo ni la breki. Kitenge ni cha mnyororo. Vidole vyako havina presha." Chupa ya mafuta ikapata kikapu chake peke yake. Norbert husugua, hukaza, husikiliza. Agathe huinama mwisho, huangalia ringi, kisha wote wawili huijaribu breki kwenye ushoroba, yeye akisukuma na mumewe akibana. Hugombana pia. Agathe hupenda kumwaga maji kwa wingi, na Norbert hupiga kelele: "Si hapo! Maji yakiingia kwenye gololi utaniambia nini?"

Pasaka Armelle alikuja. Norbert hakusubiri mkewe aseme. Alimwita nje, akamwambia mwenyewe habari ya macho, na ya Knee Hill, bila kupunguza. Armelle alijibu kwa Kiingereza, kama siku zote, akawafokea wote wawili kwa kirefu, sauti ikimkatika njiani. Baba yake alimwacha amalize.

"Umemaliza?"

Armelle akatikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka, akasema kwa sauti kwamba ndiyo.

Norbert alilizungusha gurudumu la mbele, akatega sikio. Raba ya upande mmoja ilikuwa inagusa ringi, kidogo sana. Akanyoosha mkono, akaomba bisibisi, na Armelle akamwekea kiganjani.